Hapana ya Kwanza

Shemeji yangu Gurmej Singh alianza kuwa Mwingereza kwenye foleni ya basi pale Smethwick, Uingereza. Mama mmoja mnene alimkanyaga kidole gumba kwa kisigino cha kiatu, na Gurmej ndiye aliyeomba radhi. Marehemu mume wangu, mdogo wake, alikuwa amesimama nyuma yake siku hiyo, akarudi nyumbani anacheka mpaka akakaa chini. "Kaka amekwisha," aliniambia. "Kakanyagwa yeye, kaomba radhi yeye."

Baada ya hapo mambo yalimjia polepole, kama unyevu unavyopanda ukutani. Kwanza mwavuli. Kisha akawa anawaeleza watu hali ya hewa, watu waliosimama naye kwenye mvua hiyo hiyo. Kisha chai. Sisi Wapunjabi tunaichemsha na maziwa na iliki mpaka itishie kufurika. Yeye akaanza kuzamisha kipakiti kwenye maji ya moto na kudondoshea maziwa juu yake kama dawa ya macho. Alipofanywa msimamizi kiwandani alihamia Great Barr, kwenye nyumba zenye bustani mbele, akapanda mawaridi. Jumapili alimpakia mkewe Dalip garini, wakaendesha asubuhi nzima hadi baharini, wakaegesha wakiyaelekea maji, wakala mkate wa tango bila kufungua mlango, wakarudi. Nilimuuliza Dalip walifanya nini huko. Akasema, "Tuliitazama."

Lakini lililotuchosha sisi ndugu zake ni simu. Kwa Gurmej huendi mpaka upige simu. Kijijini kwetu ningeingia jikoni kwake kwa mlango wa uani nikafunua sufuria nikaonja, na Dalip angenigombeza na kunipakulia kwa mkono huo huo. Great Barr nilisimama kizingitini na bakuli la mboga ya haradali, na shemeji akaniambia kwa upole, "Bachint, siku nyingine tujulishe kwanza." Nikamwambia samahani Bwana Mwingereza, nitatuma barua yenye stempu ya Malkia. Alicheka. Anapenda nimtanie. Mume wangu alipouawa na mnyororo wa winchi kiwandani, Gurmej ndiye aliyelishika jeneza upande wa kichwa, na ndiye aliyewapeleka wanangu shule kila asubuhi mwaka mzima ule ambao mimi sikuwa nikiona mbele. Ni mtu mwema. Ndiyo maana habari hii inaniuma. Angekuwa mbaya ningemtukana nikalala.

Rafiki yake alikuwa Naranjan Singh. Walikuja pamoja mwaka wa hamsini na sita, wakapanga kitanda kimoja. Sisemi chumba, nasema kitanda. Nyumba ile ilijaa wanaume wetu hadi kwenye ngazi, na kila kitanda kilikuwa na wawili: Gurmej alifanya kazi zamu ya mchana, Naranjan zamu ya usiku. Mmoja akiamka mwingine anaingia. Godoro lile halikupata kupoa. Walionana mlangoni tu, huyu anavaa viatu, yule anavua, na urafiki wao wote ulijengeka katika dakika hizo. Umekula? Nimekula. Chapati nimekufunikia chini ya sahani. Usisahau koti, kuna baridi. Gurmej aliniambia kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kumjua kama Naranjan, na sehemu kubwa ya kujuana huko ilikuwa shimo lililoachwa na mwili wa mwenzake kwenye godoro.

Walitofautiana kwa nywele tu. Viwanda havikutaka vilemba, hivyo Gurmej alikwenda kwa kinyozi. Naranjan alikataa. Alisema kwetu sisi Wasikh nywele ni amana ya Mungu, hazikatwi mpaka kufa, na kwa kusema hivyo akaishia kwenye tanuri la chuma, kazi ambayo hakuna aliyejali umevaa nini kichwani mradi unavumilia moto. Hakumlaumu mwenzake. Alimsindikiza hadi kwa kinyozi, akaziokota nywele zile sakafuni, akazifunga kwenye kitambaa cheupe na kumpa. Dalip bado anazo, kwenye sanduku la shuka.

Basi miaka ikaenda. Mke wa Naranjan alifia Punjab kabla ya kupata kibali cha kuja, na hakuoa tena. Alipostaafu alikuwa amebaki na sikio moja linalosikia, mikono inayotetemeka, na chumba kimoja cha kupanga kwa Kundan mwenye duka. Halafu Kundan akauza nyumba.

Naranjan alikuja kwangu na shati lililokatika kifungo. Nilishona, yeye akiwa amejifunga shali na kunywa chai yangu. Aliniambia kwamba mwisho wa mwezi hana pa kulala, na kwamba watu wa halmashauri wanataka kumpeleka kwenye nyumba ya wazee huko nje ya mji, kwa Waingereza watupu. Yeye hataki. Anataka kwenda kukaa kwa Gurmej. Watoto wa Gurmej wameoa na kuhama, chumba cha juu kiko kitupu.

Mimi ningemchukua. Lakini nilikuwa na binti yangu na wajukuu kwenye vyumba viwili, na mjane kumweka ndani mwanamume asiye ndugu, watu wa hekaluni wangenila mimi kwanza kwa maneno, ndipo wale dengu za hekalu.

"Basi mwambie Gurmej," nikamwambia.

Alinitazama kana kwamba nimemtuma akaombe barabarani. "Nimwambieje? Nikifika ataniuliza mwenyewe. Nitakataa. Ataniuliza tena, nitakataa. Ya tatu nitasema haya basi, kwa kuwa umeshikilia."

Hapa sihitaji kueleza sana. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni kumpa mwenyeji nafasi ya kujitoa kwa heshima, ya tatu ndiyo jibu. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na mwenyeji anayeishia mara ya kwanza alikuwa hajakukaribisha.

"Kaka Naranjan," nikamwambia, "yule siku hizi anauliza mara moja tu. Ukienda kwake na njaa, sema ndiyo kabla hajafunga mdomo."

Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisosi. "Atawauliza hivyo Waingereza wenzake. Mimi nimelala shimoni mwake."

Tulikwenda Jumapili, baada ya mimi kupiga simu. Naranjan alivaa lile shati, na kilemba cha bluu alichokifunga vizuri sana ukizingatia ile mikono. Baadaye aliniambia kilimchukua asubuhi yote. Gurmej alimkumbatia kwa muda mrefu, nikaona machozi yamemlengalenga, nikajisemea, Bachint, umemsingizia shemeji yako bure. Tukakalishwa chumba cha mbele. Dalip akaleta biskuti kwenye kisahani. Naranjan akasema hapana, ameshiba. Dalip akasema sawa, akakirudisha kisahani jikoni. Nilikisindikiza kile kisahani kwa macho mpaka mlangoni.

Wakazungumza. Nani kafa, nani kanunua duka. Naranjan akayazungusha maneno mpaka akafika kwa Kundan na kuuzwa kwa nyumba, akatazama mawaridi dirishani. Na Gurmej, nampa haki yake, alielewa hapo hapo. Aliinama mbele, akasema, "Una pa kwenda? Chumba cha juu kipo. Ukitaka, njoo ukae nasi."

Ningekuwa mchoraji ningeuchora uso wa Naranjan wakati ule. Halafu akautuliza, akaunganisha viganja kifuani kama tulivyofundishwa, akasema, "Hapana, hapana. Nitawasumbua bure."

Gurmej akatikisa kichwa polepole. "Sawa," alisema. "Naheshimu." Akampigapiga goti, akasema mwaka huu mvua imewahi.

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Naranjan alibaki na viganja vyake vimeunganishwa, anangoja. Nikamkanyaga shemeji mguu chini ya meza. Akaniomba radhi.

"Mlazimishe basi," nikasema.

"Nimlazimishe mtu mzima? Amesema hapana, Bachint. Mtu ana haki ya kusema hapana bila kusukumwa."

Naranjan akawahi kabla sijafungua mdomo tena. Alisema nisiwasumbue watu, kwamba ameshapata mahali pazuri sana. Alikuwa akinitazama mimi, na jicho lile lilisema usinivue nguo hapa. Tukanywa ile dawa ya macho, tukaaga.

Kwenye basi alikaa upande wa dirishani na lile sikio lake zima likiwa kwangu. Alisema labda kile chumba kina vitu vyao. Baadaye akasema Dalip anaonekana kachoka, si haki kumwongezea mtu. Tulipokaribia Smethwick akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Angeuliza mara moja tu zaidi, hata kwa utani, ningekubali hiyo hiyo."

Kesho yake nilimpigia Gurmej simu nikamweleza wazi: mzee hana pa kulala, anataka kuja kwako, amefunga kilemba asubuhi nzima kwa ajili hiyo.

"Mbona hakusema?" aliuliza.

"Alisema. Hapana ile ndiyo kusema kwenyewe. Wewe umezaliwa wapi?"

Akampigia. Simu ya kwa Kundan ilikuwa ukutani kwenye ujia, na wapangaji wote walikuwa jikoni, mlango wazi, wakisikiliza kila neno. Gurmej akamuuliza kama ana uhakika hahitaji chochote, na Naranjan akajibu kwa sauti ya kusikiwa na ujia mzima kwamba yuko salama kabisa, asijisumbue. Gurmej akanirudia akiwa mwepesi moyoni. "Nimemuuliza mara ya pili, Bachint. Jibu ni lile lile."

Nikamwambia imebaki moja. Akacheka. Ndilo tatizo la kuwa mtani wa ukoo: siku unayosema kweli, watu wanapiga makofi.

Mwisho wa mwezi gari la halmashauri likamchukua Naranjan na sanduku lake.

Nilikwenda kumwona mwanzoni mara chache, mabasi mawili na kutembea kidogo. Alikuwa na chumba safi kuliko vyote alivyowahi kulala, na kitanda cha peke yake kilichokuwa, aliniambia, baridi sana. Kisha binti yangu akajifungua, na baridi ikatukamata wote vifua, na miezi ikapita. Gurmej hakwenda. Aliniambia anampa nafasi azoee. Alituma kadi ya Krismasi yenye picha ya ndege mwekundu kwenye theluji. Kwa Singh mwenzake.

Majira ya kuchipua yalipofika, Gurmej alipanda ngazi kusafisha mfereji wa bati ukingoni mwa paa, kwa sababu jirani yake Bwana Whitlock alikuwa amesafisha wake. Ngazi ikateleza. Akaangukia kwenye mawaridi yake na nyonga ikavunjika. Bwana Whitlock akachungulia juu ya ua wa miti, akamwona amelala chali na ua la waridi sikioni, akamuuliza, uko sawa, Gurmej? Na Gurmej, kwa Kiingereza chake kizuri, akajibu, sawa kabisa, asante. Vizuri, akasema Bwana Whitlock, akarudi ndani kutazama mchezo wake wa kriketi. Si mtu mbaya naye. Aliambiwa sawa, akaheshimu. Gurmej akalala pale mpaka Dalip aliporudi kutoka sokoni, na mvua, naam, ilikuwa imewahi.

Nilikwenda hospitali nimejaa utani hadi kooni, utani wa mwaka mzima. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia yule mtu kwamba amevunjika.

Alikuwa akitazama dari. "Nilikuwa nangoja aulize tena," alisema.

Halafu akageuza uso akanitazama, na nikaona lile la Naranjan limemwingia. Utani wangu wote ukanirudia tumboni. Nilimshika mkono, jambo ambalo kijijini kwetu mke wa mdogo mtu halifanyi, tukakaa hivyo mpaka muuguzi akaja kunifukuza.

Alipoweza kutembea na mkongojo alinijia Smethwick bila kupiga simu, twende kwa Naranjan. Dalip ndiye aliyekuwa akiendesha. Chumba cha juu kilikuwa kimepakwa rangi, na kitanda kimewekwa karibu na bomba la joto. Gurmej alibeba chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, na njia nzima alikuwa akifanya mazoezi kwa sauti ndogo, kama mtoto anayekwenda kusoma mbele ya darasa. Nitamwambia njoo. Akikataa nitamwambia njoo. Akikataa nitamwambia siondoki hapa mpaka uingie garini.

"Na akikataa tena?" nikamtania. "Mpige mkongojo."

"Nitampiga," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali akacheka.

Naranjan alikuwa sebuleni, kwenye kiti cha dirishani, kati ya bibi mmoja anayesinzia na bwana mmoja anayepanga karata. Nilimpita. Nilimpita kabisa, nikiwa natafuta kilemba. Gurmej ndiye aliyesimama, na mkongojo wake ukasimama.

Alikuwa amekatwa nywele. Fupi, zimechanwa pembeni, na ndevu zimepunguzwa zikalingana na taya. Shingo yake ilikuwa nyeupe kama ya mtoto, kwa kuwa haikuwahi kuona jua. Alikuwa amevaa sweta la vifungo na tai. Angepita Smethwick yote akadhaniwa karani mstaafu.

Tulikaa. Naranjan akajigusa kisogo, akatuonea huruma sisi.

"Mikono imekataa kufunga kilemba," alisema. "Na hapa hakuna anayejua. Wanawake hawa wanaotulea ni wema sana, msiwafikirie vibaya. Waliniuliza, je, nywele hizi hazikusumbui, Bwana Singh, tukupunguzie? Nikasema hapana, asanteni. Wiki nyingine wakaniuliza tena. Nikasema hapana." Akatazama nje. "Wakaja wakaniuliza tena. Mnajua wenyewe. Mtu ameuliza mara ya tatu."

Yule bwana wa karata akamgeuza malkia wa kopa.

Naranjan akaendelea, akasema walizifagia nywele zile kabla hajapata nafasi ya kuomba azichukue.

Gurmej aliweka chapati mezani. Akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwa Kipunjabi, njoo nyumbani. Naranjan akasema hapana. Nilijua, tulijua sote, ile ilikuwa ya kwanza, nikashusha pumzi. Gurmej akasema chumba kiko tayari, Dalip yuko kwenye gari, kilemba nitakufunga mimi kila asubuhi, nitajifunza upya, nywele zitaota. Naranjan akasema hapana, asante. Sawa, hiyo ya pili. Gurmej akaanguka magotini, na nyonga ile mbovu, mbele ya wale wazee wa Kiingereza ambao wote ghafla walianza kutazama viatu vyao, akasema, "Njoo. Siondoki mpaka uje. Nakuuliza mara ya tatu, na ya nne, na ya kumi."

Naranjan akatoa mikono yake taratibu.

"Gurmej," alisema. "Nimesema hapana. Inuka, watu wanatazama."

Nilimtazama usoni nitafute ile hapana yetu, ile yenye mlango nyuma yake. Nilitafuta sana. Kulikuwa na mtu tu aliyeulizwa akajibu. Nilidhani atataja nywele, kwamba ataingiaje hekaluni vile, kwamba atamtazamaje mtu yeyote. Hakutaja. Alimsaidia Gurmej kuketi, akampa mkongojo, akamnyoosha kola ya koti iliyokuwa imejikunja, kama alivyomfanyia bila shaka asubuhi nyingi pale mlangoni, huyu anavaa viatu, yule anavua. Kisha akasema siku nyingine apige simu kwanza, kwa sababu Jumatano huwa wanawapeleka kutazama bustani, angeweza kuja asimkute.

Saa kumi kigari cha chai kikaja. Mlezi akamwekea Naranjan kikombe chake, kipakiti kikiwa bado ndani, na biskuti mbili kando. Naranjan akakitoa kipakiti, akadondoshea maziwa, akamgeukia rafiki yake.

"Utakunywa chai?"

"Hapana, hapana," alisema Gurmej, ameunganisha viganja kifuani. "Usijisumbue."

"Haya," alisema Naranjan.

Akachovya biskuti yake. Gurmej alibaki vile vile na viganja vyake, anamtazama akila, anangoja. Mimi nilifungua kitambaa cha chapati, nikakifunga tena. Tulikaa hivyo mpaka kigari kilipomaliza mzunguko na kurudi kukusanya vikombe.